Nyumba Hazina Mnunuzi kwa Sababu Hazikujengewa Mnunuzi

Kila nyumba za mradi zinapokosa wateja mikoani, lawama huangukia mtu mmoja: mwananchi. Utasikia hana mwamko, hana utamaduni wa kununua nyumba, anahitaji kuelimishwa. Maneno hayo ni matusi. Wanatukanwa watu wanaojenga kuliko shirika lolote la nyumba nchini, na wanaotukana ni wale walioshindwa kuwauzia.

Nendeni pembezoni mwa Songea, Babati, Mpanda au Lindi mkaone kama watu hawana mwamko. Tipa limemwaga mchanga barabarani. Tofali zimepangwa kando ya kiwanja zikisubiri mshahara wa mwezi ujao. Boma hili limefika kwenye lenta, lile limepauliwa juzi, na lile la tatu lina familia tayari: wamehamia chumba kimoja, dirisha halina kioo, pazia limepigiliwa misumari, na watoto wanakwenda shule kutokea humo. Mwenye boma ni mwalimu, nesi, mama ntilie, dereva wa bodaboda, mkulima aliyepata bei nzuri ya korosho. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu majengo zaidi ya milioni 14 nchini, na sehemu kubwa ya nyumba za kuishi imejengwa hivyo hivyo, kwa fedha ya mfukoni, kidogo kidogo, bila benki na bila mkandarasi. Watu hao hawahitaji semina ya kupenda nyumba.

Sasa tuzungumzie nyumba zenyewe. Katika miaka ya 2010 Shirika la Nyumba la Taifa, NHC, lilijenga mikoani nyumba zilizoitwa za gharama nafuu: Mkuzo kule Songea, Ilembo kule Mpanda, Mtanda kule Lindi, Mrara kule Babati, na kwingineko. Nia ilikuwa njema, nalisema bila kusita. Shirika lililoanzishwa mwaka 1962 lilikuwa na deni kwa mikoa, na kwenda kujenga huko ilikuwa haki. Lakini katika miradi kadhaa nyumba zilikaa miaka bila wanunuzi, nyingine zikaishia kupangishwa. Kigamboni, NSSF na mbia wake walipanga nyumba 7,460 pale Dege, na ujenzi ukasimama mwaka 2016 huku maghorofa yakiwa magofu. Ukubwa wa miradi hii haulingani, lakini kosa ni lile lile. Ramani ilichorwa kwanza, mkandarasi akaitwa, gharama zikajumlishwa, bei ikatoka kwenye jumla hiyo, na mwisho kabisa ndipo akaanza kutafutwa binadamu wa kuilipa.

Chukueni mwalimu mwenye mshahara wa Sh900,000. Toeni asilimia 5 ya mfuko wa pensheni, asilimia 3 ya bima ya afya, asilimia 15 ya mkopo wa elimu ya juu, kisha kodi ya mapato. Anabaki na kama Sh601,000. Mpeni nyumba ya Sh45 milioni kwa mkopo wa miaka 20, riba asilimia 15. Rejesho lake ni kama Sh593,000 kila mwezi. Mkononi zimebaki Sh8,000 za kulisha familia siku thelathini, na hapo bado hatujakata michango ya chama cha wafanyakazi. Hata akikubali mateso hayo, hataruhusiwa, maana mtumishi wa umma hatakiwi kubaki na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Akivumilia hadi mwisho atakuwa amelipa zaidi ya Sh142 milioni kwa nyumba ya Sh45 milioni. Na huyo ana nafuu. Kima cha chini serikalini kilipandishwa kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000 Julai 2025, kwa hiyo rejesho la nyumba hii linazidi mshahara mzima wa anayelipwa kima hicho. Aliyeiita nyumba hiyo nafuu alimlinganisha mwalimu huyu na nani?

Wapo mikoani wenye fedha taslimu, na wao pia hawazinunui. Kwa nini wazinunue? Mfanyabiashara mwenye Sh45 milioni Babati au Mpanda anatafuta kiwanja penye barabara, anajenga fremu mbili za maduka mbele, na yeye anaishi nyuma. Anataka uani wa kutosha, jiko la nje la kuni au mkaa, banda la kuku, na nafasi ya kuongeza vyumba mama mzazi akihamia au mpwa akija kusoma. Anaonyeshwa nyumba iliyobanwa na jirani kila upande, jiko dogo la ndani lililochorewa mtu anayepikia gesi tupu, mbali na soko na mbali na stendi. Anashukuru, anaondoka, kesho yake anamtafuta fundi. Uamuzi wake ni wa busara, na kila anayepanga mradi alipaswa kuujua kabla ya kuchimba msingi.

Kodi nayo imechangia kuua soko hili. Anayejijengea hulipa VAT iliyomo kwenye bei ya saruji, nondo na bati. Kiwanja alichonunua kwa mwenyeji hakina VAT, ujira wa fundi wa mtaani hauna, tofali za kuchoma alizofyatuliwa kijijini hazina. Aliyenunua nyumba iliyokamilika alitozwa asilimia 18 juu ya bei nzima, na kwenye nyumba ya Sh45 milioni hiyo ni Sh8.1 milioni. Fedha hiyo peke yake inanunua kiwanja na kuinua msingi katika miji mingi ya mikoani. Mwaka 2023 Serikali ilisamehe VAT kwenye nyumba mpya za makazi zisizozidi Sh50 milioni. Ni hatua nzuri iliyochelewa miaka mingi, na haijamaliza kazi. Muuzaji wa kitu kilichosamehewa harudishiwi kodi aliyoilipa alipokuwa ananunua vifaa, kwa hiyo kodi hiyo inabaki imejificha ndani ya bei. Nyumba ikivuka Sh50 milioni kidogo tu, asilimia 18 inarudi yote.

Ongezeni barabara za ndani ya mradi, mabomba ya maji, nguzo na nyaya za umeme. Kazi hizo zina wenyewe: TARURA, mamlaka za maji, TANESCO. Wasipofika kwa wakati, mjenzi anajitwika gharama na kuzipakia kwenye bei. Mwananchi aliyekwisha kulipa kodi ili barabara ichongwe anailipia tena ndani ya bei ya nyumba, kisha anaulizwa mbona hanunui.

Na benki? Nchi hii iliwahi kuwa na Benki ya Nyumba, iliyoundwa miaka ya mwanzo ya sabini ikafa mwaka 1995. Tangu hapo tumetunga sheria ya mikopo ya nyumba mwaka 2008 na kuunda kampuni ya kuzikopesha benki fedha za muda mrefu, TMRC, mwaka 2010. Pamoja na hayo yote, mikopo ya nyumba haifiki hata asilimia moja ya pato la taifa. Riba ndiyo inayowafukuza watu. Mkopo ule ule wa Sh45 milioni kwa asilimia 9 ungekuwa na rejesho la kama Sh405,000. Bado ni mzigo, lakini wapo watumishi ambao wangeubeba bila kulala njaa.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba nyumba zinakosa wanunuzi, na bei haiguswi. Nyumba isiyokaliwa huoza. Mchwa hupanda kwenye fremu za milango, popo huhamia darini, vitasa vinashika kutu, mabomba yanang'olewa usiku, majani yanafika madirishani. Kila masika thamani inashuka, na bei iliyoandikwa miaka ile inabaki pale pale, kwa sababu kuishusha ni kukiri hasara kwenye vitabu, na hakuna anayetaka saini yake ionekane kwenye ukurasa huo. Muuza mitumba gulioni, jua likizama na mzigo ukiwa haujaisha, anashusha bei kwa sauti ili asirudi na robota nyumbani. Ana akili ya biashara kuliko bodi zenye wanasheria na wachumi. Hasara imeshatokea siku nyumba ilipojengwa kwa gharama isiyolipika. Kukaa nayo tupu ni kuiongeza kila mwaka, kwa fedha za umma.

Najua pingamizi litakalokuja: bei ikishushwa, matajiri watazinunua zote, na walionunua mwanzo watalalamika. Yote mawili yana dawa. Mtu mmoja auziwe nyumba moja, kwa sharti la kuishi humo miaka kadhaa kabla ya kuiuza. Waliotangulia na bado wanadaiwa wapunguziwe salio kwa kiwango kile kile. Asiye na fedha ya kuanzia aingie kama mpangaji mnunuzi, kodi yake ya kila mwezi ihesabiwe ndani ya bei. Serikali inaujua utaratibu huo, kwa maana yenyewe iliutaja ilipozungumzia wakazi wa kaya 644 za Magomeni Kota. Kama unafaa Magomeni, unafaa Mtanda na Ilembo.

Kwa nyumba zijazo, acheni kuwamalizia watu kitu wanachojua kukimaliza wenyewe. Pimeni viwanja, vipeni hati, fikisheni maji na umeme, kisha uzeni kiwanja chenye msingi, au chenye chumba kimoja na choo kilichokamilika, na ramani inayoonyesha namna ya kuongeza. Mwananchi atainua ukuta uliobaki kwa kasi yake, kama anavyofanya leo, ila safari hii akiwa na hati mkononi na barabara mlangoni. Na mradi wowote usichimbwe msingi kabla ya kupata watu walioweka akiba yao kwa ajili yake, mkoa huo huo, kwa bei hiyo hiyo.

Kwanza kabisa tunataka orodha. Wizara ya Ardhi na mashirika yote ya umma yaliyojenga nyumba yaweke hadharani, mkoa kwa mkoa: nyumba ngapi hazina mtu, tangu mwaka gani, kwa bei gani, na nani aliidhinisha bei hiyo. Wabunge wa mikoa hiyo waisome bungeni kwa majina ya mitaa. Kisha bei zikadiriwe upya kwa kutazama mishahara ya watu wa mahali hapo, na nyumba ziuzwe.

Mwalimu wa Mpanda hahitaji kufundishwa kununua nyumba. Anahitaji bei inayolipika kwa mshahara anaoupokea. Mwenye mamlaka ya kuiandika bei hiyo yupo ofisini leo, analipwa na mwalimu huyo huyo kwa kodi yake, na anapaswa kuiandika kabla mwaka wa fedha haujaisha.