Jina Ng'ang'a linapoangusha tovuti, siri za nani humwagika?

Kama unaitwa Ng'ang'a, Ng'eno, Ong'eri ama Nyang'au, huenda hii unaijua. Unajaza fomu mtandaoni, unaandika jina vile liko kwenye kitambulisho, unabofya "Tuma", na badala ya kuambiwa asante, skrini inajaa maandishi ya ajabu: mistari, mabano, majina ya faili. Unajaribu tena bila ile alama ndogo ya ritifaa, unakuwa "Nganga" tu, na fomu inapita. Wengi huishia hapo. Wanalaani mtandao na kuendelea na shughuli zao.

Hebu turudi kwa yale maandishi, maana ndiyo habari yenyewe.

Hifadhidata nyingi huongea lugha iitwayo SQL, na katika lugha hiyo ritifaa ndiyo huonyesha maneno yanapoanzia na yanapoishia. Fomu ikiwa imeundwa ovyo, hifadhidata inasoma "Ng", inaona alama, inadhani jina limeisha. Kilichobaki, "ang'a", inakichukua kama amri. Haiielewi amri hiyo, kwa hivyo inalalamika. Kama ingelalamika kwa fundi aliyeijenga pekee, hakungekuwa na noma. Lakini inalalamika kwako, na kwa yeyote mwingine atakayeandika alama hiyo makusudi.

Na ikianza kulalamika haijui kunyamaza. Inataja jina la jedwali lenye rekodi za wateja, majina ya safu zake, folda ambamo programu imewekwa, na toleo la programu hiyo. Siku ikiwa mbaya inatoa hata nywila ya hifadhidata. Mdukuzi hajavunja chochote. Amebisha tu, na sauti kutoka ndani ikamweleza vyumba viko vingapi na funguo zimewekwa wapi. Tena amejua jambo kubwa zaidi: kwamba fomu hii huchukua maneno ya mgeni na kuyafanya amri. Sasa anaweza kuandika amri zake mwenyewe pale palipoandikwa "Jina la mwisho".

Mbona tovuti iropoke hivyo? Kwa sababu ujumbe huo haukuandikwa kwa ajili yako. Uliandikwa kwa developa aliyeketi na kompyuta yake, kazi haijaisha, akitafuta ni mstari gani umeharibika. Kwake ni dhahabu. Ukianzisha mradi mpya wa Django, unapata mpangilio wa DEBUG ukiwa umewashwa. Faili ya mfano inayokuja na Laravel nayo ni hivyo hivyo. Tatizo huja siku ya kuhamisha kazi kwenye seva ya umma. Neno moja, "true", linafaa kugeuzwa "false". Ni kazi ya sekunde kumi, lakini mara nyingi hakuna aliyepewa jukumu la kukagua kama imefanywa.

Si lazima tuwalaumu vijana wetu wanaojenga hizi tovuti. Msee analipwa nusu ya pesa kama deposti, mteja anataka tovuti iwe hewani Jumatatu, na hakuna pahali kwenye mkataba palipoandikwa kwamba atarudi kuikagua. Mimi lawama naiweka kwa mwenye kampuni, anayekusanya nambari za vitambulisho za maelfu ya watu kwa tovuti aliyoinunua kama mtu anayenunua bango.

Hata kampuni zenye mkwanja huteleza hapa. Mwaka wa 2015, Patreon, jukwaa la Marekani ambapo mashabiki huchangia wasanii, lilidukuliwa kupitia toleo la majaribio la tovuti yake lililokuwa wazi kwa umma. Toleo hilo lilikuwa limewashwa kifaa cha kusaka hitilafu kiitwacho Werkzeug. Kifaa hicho hakiishii kukuonyesha kosa liko wapi; kinakupa pia nafasi ya kuandika amri papo hapo na seva izitekeleze. Ni fiti kwa developa akiwa nyumbani. Kwa seva ya umma, umemkabidhi mgeni kiti cha dereva. Karibu gigabaiti 15 za data zilimwagwa mtandaoni, zikiwa na anwani za barua pepe zaidi ya milioni 2.3 pamoja na jumbe za faragha. Kampuni ya usalama ya Uswidi, Detectify, ilisema ilikuwa imeionya Patreon kuhusu kasoro hiyo siku chache kabla ya uvamizi.

Mvujo wa aina hiyo una kelele. Kuna mwingine wa kimyakimya, na nadhani huo ndio unaotugusa zaidi hapa Kenya.

Chukua programu yoyote ya mikopo ya simu. Weka nambari isiyo yako na nywila ya kubahatisha. Ikikujibu "Nambari hii haijasajiliwa", sawa. Ikikujibu "Nywila si sahihi", umeshajua kwamba mwenye nambari hiyo ana akaunti pale. Hukuingia, hukuona salio lake, lakini swali lako limejibiwa. Na kwetu jina la kuingilia mara nyingi ni nambari ya simu, ile ile iliyo kwenye grupu la WhatsApp la familia, la kanisa na la chama. Mpenzi mwenye wivu anayo. Bosi anayo. Sasa badala ya mkopo, weka tovuti ya kamari. Weka kliniki inayotibu ugonjwa ambao hujamwambia mtu.

Wapo wanaoona hili ni jambo dogo, na hoja yao si ya kipuuzi. Wanasema mteja aliyesahau nambari gani alijisajili nayo anahitaji kusaidiwa, na kwamba ukurasa wa kujisajili hata hivyo utasema "nambari hii tayari inatumika". Kwa tovuti ya kuuza viatu, nakubaliana nao. Kujua kwamba nina akaunti ya viatu hakumfaidi mtu. Kwa mikopo, kamari na afya, sikubali. Huko ukweli kwamba una akaunti ndiyo siri yenyewe. Ukurasa unaweza kujibu kila mtu sentensi moja, "nambari au nywila si sahihi", na hata yule anayejisajili akamalizia kwa ujumbe unaotumwa kwa simu yake mwenyewe, mahali mwingine hawezi kuona.

Tena sentensi pekee haitoshi. Julai 2015, Troy Hunt, mtaalamu wa usalama kutoka Australia, alichunguza Ashley Madison, tovuti ya watu walio kwenye ndoa wanaotafuta wapenzi wa kando. Ukurasa wake wa kuomba nywila mpya ulitoa ujumbe uleule, uwe na akaunti au usiwe nayo. Hapo walikuwa wamefikiria. Ila kwa jibu moja kisanduku cha kuandikia barua pepe kilibaki kwenye skrini, na kwa jingine kilitoweka. Ilitosha. Mke au mume angeweza kujua bila kudukua chochote.

Watafiti Juliano Rizzo na Thai Duong walikuwa wameonyesha hatari hiyo kwa kiwango cha juu zaidi Septemba 2010, wakilenga ASP.NET ya Microsoft. Walituma data iliyofichwa kwa msimbo huku wakiibadilisha kidogo kidogo, na kuangalia tu seva inalalamika vipi. Lalamiko la aina moja lilimaanisha "umekaribia", la aina nyingine "bado". Kwa kurudia maelfu ya mara, wakasoma kilichofichwa bila kuwa na ufunguo. Ushauri wa dharura wa Microsoft, kabla ya kutoa marekebisho mnamo Septemba 28, ulikuwa rahisi: kila hitilafu, iwe ya aina gani, ionyeshe ukurasa mmoja ule ule.

Kwa hivyo hili si jambo jipya. OWASP, shirika lisilo la faida ambalo orodha yake ya hatari kumi kuu za tovuti hutumiwa na wanausalama kote duniani, liliipa mivujo ya hitilafu nafasi ya sita mwaka wa 2007. Baadaye ikamezwa ndani ya makundi mengine. Kwenye orodha ya 2025, ushughulikiaji mbaya wa hitilafu umepata tena nafasi yake, nambari kumi.

Sheria yetu inasemaje? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka kampuni imjulishe Kamishna ndani ya saa 72 tangu ijue kwamba data imefikiwa na asiyeruhusiwa na kuna hatari ya madhara. Ona hapo "tangu ijue". Tovuti isiyoweka rekodi ya hitilafu zake haitajua kamwe, na saa hiyo haitaanza kuhesabika. Septemba 2023 Afisi ya Kamishna ilitoza faini za jumla ya Sh9.375 milioni kwa kampuni ya mikopo, klabu ya Nairobi na shule. Makosa yalikuwa yale ambayo mwathiriwa huyaona: picha yako imebandikwa mtandaoni, ama unapigiwa simu kuhusu deni. Nani atalalamika kuhusu ukurasa wa hitilafu uliosomwa na mgeni saa nane usiku?

Yule aliyeuona kwa bahati, labda. Naye ana sababu ya kunyamaza. Chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kuingia kwenye mfumo bila ruhusa kunaweza kukugharimu faini ya hadi Sh5 milioni, kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Kukutana na ukurasa ulioanguka ukiandika jina lako si kosa. Kuendelea kuchokora uone utafika wapi, hapo unajitia mashakani. Na ukipiga picha ya skrini, usiibandike kwenye X ili watu wacheke. Huenda imebeba rekodi za wengine. Itume kwa kampuni, kisha ufunge ukurasa.

Shida ni utaitumia nani. Namba ya huduma kwa wateja itakuambia uzime simu na uiwashe tena. Tangu 2022 kuna utaratibu rasmi wa intaneti, faili ndogo ya maandishi iitwayo security.txt, ambayo mwenye tovuti huiweka kwenye seva yake ikitaja barua pepe ya kuripoti kasoro. Ni mistari miwili tu: anwani, na tarehe maelezo hayo yatakapopitwa na wakati. Ukiwa unajenga tovuti ya mtu wiki hii, iweke, zima DEBUG, hitilafu ziandikwe kwenye faili ya ndani ya seva, na mteja aone maneno machache na nambari ya kumbukumbu ya kupiga nayo simu. Kisha, kabla hujaikabidhi, jaribu kujisajili ukiitwa Ng'ang'a.