Gunia la Unga Haliwi Daraja

Lori la msaada likifika Kibarani, kaunti ya Kilifi, kila mtu anajua kitakachoshushwa kabla turubai halijafunguliwa: unga, maharagwe, mafuta ya kupikia, blanketi, na mkeka kwa mwenye bahati. Chifu atasoma majina. Mheshimiwa atapigwa picha akimkabidhi bibi mzee gunia ambalo bibi mwenyewe hawezi kulibeba. Kufikia magharibi lori litakuwa limekwenda zake, na kalvati iliyong'olewa na maji itakuwa imelala palepale mtaroni. Choo cha shule kimetitia. Mwendesha bodaboda aliyempakia mama mwenye uchungu wa kuzaa anazunguka njia ya mbali akitafuta pa kuvukia. Masika ijayo lori litarudi na magunia yaleyale, na kalvati ile itakuwa haijaguswa.

Sisemi msaada ni mbaya. Aliyelala nje na watoto anahitaji kula leo, na aliyemletea chakula amefanya wema. Ninachokataa ni serikali zetu mbili, ya Nairobi na ya kaunti, kutugawia unga kisha kuandika kwamba zimeshughulikia janga. Unga unamalizwa kwa wiki moja. Barabara, bomba la maji, darasa na zahanati ndivyo vinavyomrudisha mtu kazini na mtoto shuleni, na hivyo ndivyo visivyorudi.

Tazama kalenda, msomaji, maana hapo ndipo penye siri. Masika ya pwani hii huanza Machi au Aprili, na Mei ndio mwezi wake mkubwa. Hilo analijua kila mtu aliyewahi kushika jembe huku kwetu. Mwaka wa fedha wa serikali unafungwa tarehe 30 Juni. Nayo Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka makadirio ya bajeti ya mwaka unaofuata yawe yamefika bunge la kaunti ifikapo tarehe 30 Aprili. Basi kivuko kikisombwa na maji tarehe 10 Mei, fedha za mwaka huu zimekwisha au zimeshafungiwa kazi nyingine, na bajeti ya mwaka ujao iliandikwa kivuko kikiwa bado kimesimama. Kimeangukia katikati ya bajeti mbili, na hakuna hata moja inayokijua. Utaambiwa usubiri bajeti ya ziada. Utasubiri, na mawingu ya masika nyingine yatakukuta ungali unasubiri.

Kalenda hii haikuletwa na mafuriko. Watu wameketi ofisini wakaikubali, mwaka baada ya mwaka, katika kaunti ambayo mvua yake kubwa hunyesha Mei.

Watanijibu kwamba kuna mfuko wa dharura. Ndiyo, upo kwenye sheria. Sheria hiyohiyo inairuhusu kaunti kuanzisha mfuko wa dharura na kulipa kwanza, kisha kuomba idhini ya bunge la kaunti ndani ya miezi miwili. Lakini imeweka sharti na imeweka mpaka. Mpaka ni kwamba malipo ya mwaka mmoja yasizidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti. Mgao wa Kilifi kutoka Nairobi, ambao ndio sehemu kubwa ya mapato hayo, katika mwaka wa fedha wa 2021/22 ulikuwa takriban shilingi bilioni 11.6. Asilimia 2 ya hizo ni kama milioni 230. Zigawe kwa wadi 35 za kaunti hii: kila wadi, Kibarani ikiwemo, inapata milioni sita na ushee. Hapo tumekadiria kwamba kila senti imewekwa na hakuna iliyopotelea njiani. Kwa kalvati na vyoo zinasaidia. Kwa daraja la maana ni za kuanzia tu.

Na sharti ndilo linaloniudhi zaidi. Mfuko huo ni wa haja ya haraka ambayo haikutazamiwa. Haikutazamiwa na nani? Mto Sabaki wa kaunti yetu ulifurika wakati wa El Niño ya 1997 na 1998. Ukafurika 2018, wakulima wa Magarini wakahamia kambini. Ukafurika tena 2023, kisha 2024. Mtu anayegongwa na lori lilelile, kwenye kona ileile, kila baada ya miaka michache, hawezi kusema hakulitazamia. Ukame nao ni vivyo hivyo: Ganze na Magarini zimekauka mara ngapi kabla na baada ya Rais Uhuru Kenyatta kutangaza ukame kuwa janga la kitaifa tarehe 8 Septemba 2021? Jambo linalorudi kila mara lina haki ya fungu lake katika bajeti, liandikwe kwa jina kama mishahara inavyoandikwa. Kuliita dharura ni kujipa ruhusa ya kutolipangia.

Kumbuka mwaka 2023. Oktoba, Rais William Ruto aliwaambia Wakenya kwamba El Niño iliyohofiwa haitakuja. Novemba maji yakaikata barabara kuu ya Mombasa na Malindi penye daraja la Mbogolo, na magari yakalazimika kuzungukia Kaloleni. Wakati watu wanaokoa magodoro, Naibu Rais wa wakati huo, Rigathi Gachagua, akasema kaunti zimepewa shilingi bilioni 10 za kukabili mvua hizo. Magavana, chini ya mwenyekiti wao wa wakati huo, Anne Waiguru, wakakana. Bilioni 10! Mkubwa mmoja anasema amezitoa, wakubwa wengine wanasema hawajaziona, na sisi tuliosimama ndani ya maji ndio tunaoulizwa kwa nini tulijenga karibu na mtaro. Katika nyumba yoyote ya Kibarani, baba akisema ameacha shilingi elfu moja mezani na mama akasema hakuikuta, hakuna atakayelala mpaka ijulikane imekwenda wapi. Kwa bilioni 10, taifa lilipiga kelele wiki chache, likalala.

Mabishano hayo yana mzizi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeiandika kazi ya kusimamia majanga katika orodha zote mbili, ya serikali kuu na ya kaunti. Waandishi wa Katiba walikusudia mikono miwili ibebe mzigo mmoja. Kilichotokea ni kwamba kila mkono unaunyooshea kidole mwingine. Barabara kuu ikikatika, mamlaka ya Nairobi hutuma wahandisi, kwa kuwa malori na hoteli za Malindi haziwezi kungoja. Njia ya ndani ikikatika, ile inayompeleka mwanafunzi shuleni na nazi sokoni, utaambiwa hiyo ni ya kaunti. Kaunti nayo itasema Hazina ya Taifa imechelewesha mgao. Wote wawili huenda wanasema kweli, na mtoto hajavuka.

Tarehe 10 Mei 2024, baada ya mafuriko kuua watu zaidi ya 230 nchini, tulipewa siku ya mapumziko tuomboleze na kupanda miti. Tuliomboleza, tukapanda. Lakini maombolezo ya taifa yalistahili kufuatwa na hesabu ya taifa: shule ngapi, vivuko vingapi, mabomba mangapi, kijiji kwa kijiji, na tarehe ya kila kimoja kurudishwa.

Wala nisiambiwe kwamba haya ni ndoto za nchi tajiri. Najua Marekani, chini ya sheria yao ya majanga ya 1988, janga likishatangazwa, serikali kuu hubeba si chini ya asilimia 75 ya gharama zinazokubalika za kurekebisha miundombinu ya umma, nasi hatuna hazina yao. Lakini tazama jirani. Desemba 2023 maporomoko ya tope yalifunika Katesh, wilayani Hanang', Tanzania. Baada ya mahema na chakula, zilijengwa nyumba zaidi ya 100 huko Waret, na waliopoteza makao wakapewa funguo. Nyumba ni kitu unachoweza kukihesabu kwa kidole. Sisi wa pwani ya Kenya tunahesabu nini, magunia matupu?

Ninachodai ni orodha, nayo si ghali. Karatasi moja kwa kila wadi, ibandikwe kwa chifu, msikitini, kanisani na mlangoni pa zahanati: kilichoharibika, gharama yake, serikali ipi italipa, fedha zimetoka lini, mkandarasi ni nani. Fungu la kujenga upya liwekwe ndani ya bajeti kabla ya mvua. Kiongozi atakayesema haiwezekani atuambie inawezekanaje kuorodhesha majina mia tatu ya wapokea unga kwa asubuhi moja.

Na wewe uliye Kibarani, Tezo, Matsangoni au Garashi, usingoje huruma ya mtu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kujua, na sheria ya kupata habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21. Andika barua, weka nakala. Mpango wa maendeleo wa kaunti kwa mwaka unaofuata lazima ufike bunge la kaunti ifikapo tarehe 1 Septemba, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Nenda na picha ya kalvati yenu. Taja kijiji, taja njia, taja mwaka ilipong'oka. Baki umesimama mpaka karani aandike, kisha mwombe akusomee alichoandika.