Asiyeitwa Je?

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Lakini asiyeitwa je? Zamani sisi watu wa Migori tulifuata makao ya wilaya kule Homa Bay. Tangu 2013 kila upande una kaunti yake, yenye wadi 40, na kifungu cha 196 cha Katiba chataka wananchi washirikishwe. Hata hivyo, mama yangu, muuza omena, alipata habari za mkutano wa bajeti ukiwa umekwisha. Tangazo lilibandikwa ofisini, tena kwa Kiingereza! Naye alikuwa na neno moja tu: sokoni kwetu hakuna choo. Jamani, matangazo yasomwe sokoni, siku ya soko, kwa Kiswahili, Kijaluo na Kikuria. Tukiitwa tusiende, hapo lawama ni yetu.