Tumefundisha, lakini je, wamejifunza?



Likizo ndefu iliyopita sisi mafrateri watatu wa falsafa tulifanya jambo ambalo baadhi ya wenzetu waliliona geni. Kwa ruhusa ya Baba Gombera tulifanya mafunzo kwa vitendo ya wiki nane, yale ambayo wanavyuo huyaita fildi. Fildi yetu haikuwa na ofisi wala lango la kuingilia. Yote yalifanyika kwa njia ya mtandao, na msimamizi wetu, mama mmoja anayeishi nchi nyingine, hatujawahi kumpa mkono hadi leo. Tuliishi katika nyumba ya mapadre ya parokia moja ya kijijini. Mchana tulitumia kompyuta mbili za ofisi ya parokia, na jioni tulisaidia kufundisha wakatekumeni katika kigango cha jirani.

Kazi tuliyokwenda kujifunza inaitwa usanifu wa mafunzo. Kwa maneno ya kawaida, ni kazi ya kupanga somo kama fundi anavyopanga nyumba kabla ya kuchimba msingi: nani ataishi humo, anahitaji nini, ana uwezo gani, na tutajuaje kwamba nyumba imesimama. Tunaandika makala hii kwa sababu tumerudi na maoni ambayo tunadhani yanatuhusu sote, waseminari na waamini. Maoni hayo ni haya: katika Kanisa letu tunafundisha sana, lakini mara chache tunauliza kama watu wamejifunza.

Tuanze na aibu yetu wenyewe. Kazi ya kwanza tuliyopewa ilikuwa kuandaa somo kwa ajili ya wahudumu wa afya wa jamii, kuhusu mtoto anayeharisha. Sisi wanafalsafa tulifanya kile tunachokijua. Tulianza na maana ya neno, tukaenda kwenye visababishi, tukagawa aina, tukaweka historia. Slaidi zilifika 20. Juu kabisa tuliandika lengo: mwishoni mwa somo mhudumu ataelewa umuhimu wa kumwongezea mtoto maji mwilini. Tukaituma rasimu tukiwa na uhakika wa kusifiwa.

Mrejesho ulikuwa swali moja tu: mtaonaje kwamba ameelewa?

Tulikasirika kidogo. Tulimwandikia kwamba kuelewa ni tendo la akili, liko ndani ya mtu, halionekani kwa macho. Akajibu kwamba mama mwenye mtoto anayeharisha hatasaidiwa na kitu kilichofichika ndani ya kichwa cha mhudumu. Atasaidiwa na kile mhudumu anachoweza kukifanya. Hapo tukanyamaza. Siku iliyofuata tuliandika lengo upya: mhudumu ataweza kuchanganya mbele ya mama lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, na ataweza kumtajia dalili za hatari, kama macho kudidimia, mtoto kushindwa kunywa, ulegevu usio wa kawaida au damu katika choo. Tulipolisoma lengo hilo na kuzitazama tena zile slaidi 20, tuliona kwamba 12 kati yake hazikuwa na kazi yoyote. Zilikuwa kwa ajili ya kutuonyesha sisi kuwa tumesoma.

Elimu hii haikuzaliwa jana. Mizizi yake mingi iko Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi lilipohitaji kufundisha watu wengi kwa muda mfupi. Mwanasaikolojia Robert Gagné, aliyefanya kazi na jeshi la anga wakati huo, alitoa mwaka 1965 kitabu kuhusu mazingira yanayomwezesha mtu kujifunza. Kabla yake, mwaka 1956, Benjamin Bloom na wenzake walikuwa wamepanga ngazi za malengo ya elimu, kuanzia kukumbuka hadi kutathmini. Mwaka 1975 Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida kiliandaa kwa ajili ya jeshi utaratibu wa hatua tano unaotumika hadi leo: uchambuzi, usanifu, utengenezaji, utekelezaji na tathmini. Tunataja chimbuko hili la kijeshi makusudi, kwa sababu litatusaidia baadaye kuona pia hatari yake.

Lakini mseminari anayedhani mambo haya ni mageni kwa Kanisa hajasoma vizuri. Karibu mwaka 400, shemasi mmoja wa Kartago alimlalamikia Mtakatifu Augustino kwamba anapowafundisha wanaoanza safari ya imani, mara nyingi hotuba yake inamchosha hata yeye mwenyewe. Shemasi huyo aliitwa Deogratias, jina ambalo leo karibu kila parokia yetu inalo. Augustino alimjibu kwa kitabu kizima. Anamshauri amwulize mtu amekuja kwa sababu gani, ajue kama ni msomi au hakwenda shule, na akiona msikilizaji amechoka, ambadilishie maneno au ampe kiti akae. Huo ndio uchambuzi wa mwanafunzi, miaka zaidi ya 1,500 kabla ya Florida. Nayo Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 779, inataka katekesi itolewe kwa misaada na vyombo vyote vinavyofaa, kulingana na tabia, uwezo, umri na hali ya maisha ya waamini. Kwa hiyo anayepanga somo lake vizuri halileti Kanisani jambo la dunia. Anatii.

Aibu ya pili ilitupata wiki ya tano. Katika hatua ya uchambuzi kulikuwa na fomu ya kujaza: mwanafunzi wetu ni nani, ana kifaa gani, anajifunza saa ngapi. Tuliijaza tukiwa tumekaa mezani. Kuuliza si ujinga, tunaambiwa tangu utotoni, lakini hatukumwuliza mtu. Somo lilipokamilika, lenye video nzuri na maswali ya kujipima, tuliamua kumjaribishia katekista wa kigango chetu, mama ambaye pia ni mhudumu wa afya wa kijiji. Yeye ana simu ya kitochi. Aliazima simu janja ya binti yake, akakaa chini ya mwembe kando ya kanisa, akabonyeza. Video ilipofika katikati, bando likaisha. Akaturudishia simu akicheka kwa upole, akasema, "Poleni wanangu, somo lenu ni zuri ila limekula hela ya binti yangu."

Usiku huo tulitengeneza karatasi moja yenye michoro sita, na sauti ya dakika nne inayoweza kusikilizwa bila kuendelea kulipia. Tulipomrudia, alichanganya ile lita 1 mbele yetu bila kukosea hata kijiko. Tulituma matoleo yote mawili. Shirika lililotupa kazi lilichagua video. Sababu tuliyopewa ni kwamba taarifa yao huhesabu idadi ya watu waliofungua somo, na karatasi haihesabiki. Tuliumia, na mmoja wetu alitaka tuache kazi.

Tulikuwa bado tunalilalamikia shirika hilo tulipoanza kuziona hesabu zetu wenyewe. Parokia huandika nini katika taarifa ya mwaka? Ubatizo wangapi, Komunyo ya Kwanza wangapi, Kipaimara wangapi. Hizo ni takwimu za lazima na tunazishukuru. Lakini nazo ni hesabu ya waliofungua somo.

Katika darasa letu la jioni kulikuwa na mzee mmoja fundi seremala. Alikuwa ameanguka mara mbili katika mtihani wa ubatizo, kwa sababu hawezi kukariri majibu kama yalivyoandikwa. Sisi nasi kwa wiki nne tulikuwa tumemfundisha vilevile: tunasoma swali, darasa linaitikia jibu, yeye anachelewa, wenzake wanacheka. Baada ya lile swali la msimamizi, tulibadilisha. Tulimwomba atusimulie kwa maneno yake kilichotokea usiku ule Yesu alipokamatwa. Alisimulia habari za Petro penye moto na jogoo, polepole, kisha akasema kwamba yeye naye aliwahi kumkana rafiki mbele ya watu, na kwamba ndiyo sababu aliyokuja kanisani. Darasa lilikuwa kimya. Jioni hiyohiyo kijana aliyekuwa na alama za juu kuliko wote, anayejua majibu yote kwa moyo, hakuweza kutuambia kwa nini tunapiga goti mbele ya tabernakulo. Alisema tu kwamba ndivyo tunavyofanya.

Nani kati ya hawa wawili alikuwa amejifunza? Hatusemi kijana hana imani. Tunasema kwamba kipimo chetu kilimwona mmoja na hakikumwona mwingine, na kwamba mzee huyo nusura aache kuja kwa sababu ya kipimo, si kwa sababu ya Injili. Tulimweleza Baba Paroko, naye akaahidi kuzungumza na mzee mwenyewe. Utaratibu wa kuwaingiza watu wazima katika Ukristo, uliotolewa mwaka 1972, unaigawa safari hiyo katika vipindi vinne na unaangalia uongofu wa maisha pamoja na ujuzi wa mafundisho. Sisi ndio tuliougeuza kuwa darasa la kukariri.

Wapo watakaotupinga, na hoja zao zina uzito. Mlezi mmoja alituambia kwamba imani ni neema, haitengenezwi kwa hatua tano kama askari anavyofundishwa kufungua bunduki. Tunakubali kabisa, na ndiyo maana tulitaja chimbuko lile la kijeshi. Atakayedhani kwamba lengo likiandikwa vizuri Roho Mtakatifu atalazimika kufika, amepotea. Lakini Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika swali la 11 la maswali yake kuhusu ukweli, anamfananisha mwalimu na mganga. Mganga haponyi peke yake, anaisaidia nguvu ya uponyaji iliyomo ndani ya mgonjwa. Mwalimu naye anaisaidia akili ya mwanafunzi ifike yenyewe. Na mganga anayejua kuwa si yeye anayeponya haruhusiwi kwa sababu hiyo kutopima dawa.

Wengine watasema tunadharau kukariri. Hapana. Baba Yetu tuliikariri kwa bibi zetu kabla ya kuielewa, na siku ya msiba ndiyo inayotubeba. Tunachokataa ni kuishia hapo.

Hoja ya tatu tunaileta wenyewe dhidi yetu. Mafunzo ya mtandaoni yalitugharimu. Kwa kuwa msimamizi aliishi mbali, vikao vyake viliangukia jioni, na mara nne tuliacha Masifu ya Jioni kwa ajili ya kikao. Hakuna aliyetuona, na hapo ndipo palipo tatizo. Seminarini kengele inakuita, na kiti chako kikiwa kitupu jirani anakiona. Mbele ya kompyuta huna kengele wala jirani. Mwishowe tulimwomba msimamizi asogeze saa, na alikubali bila shida. Tungeweza kuomba tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo tunawashauri wenzetu: msiende peke yenu, mjulisheni mlezi ratiba yenu, na sala ipangwe kabla ya kikao.

Mapendekezo yetu ni machache. Kwanza, kila frateri kabla ya mwaka wa kichungaji aandae somo moja tu la katekesi, alipime kwa mtu halisi aliye tofauti naye, kisha alirekebishe. Somo moja lililopimwa litamfundisha kuliko makumi yaliyosomwa tu. Pili, makatekista wetu, ambao wengi wao hujitolea, wapewe muda wa mafunzo na vifaa rahisi, hata karatasi na kalamu za rangi. Baba Mtakatifu Fransisko aliweka rasmi huduma ya katekista mwaka 2021. Heshima hiyo isiishie kwenye waraka. Tatu, nanyi waamini mtusaidie. Frateri akimaliza kufundisha jumuiyani, msiseme tu "asante, umefundisha vizuri". Mwambieni mlichobeba kwenda nacho nyumbani. Kama hamkubeba kitu, mwambieni pia. Ataumia kama tulivyoumia, lakini atapona.

Sisi tunarudi darasani kusoma falsafa, na tunaipenda. Ila tumebandika swali la yule mama juu ya meza yetu ya kusomea: mtaonaje kwamba ameelewa? Tunaliona kila tunapoandaa zamu yetu ya kufundisha. Mwombeeni yule mzee fundi, ili Mkesha wa Pasaka umkute penye kisima cha ubatizo. Nasi mtuombee, tusije tukawa mapadre wanaosema vizuri huku mbele yao watu wamekaa na bando lililokwisha.