Unga Tumewapa, Sasa Tuwasindikize



Wiki iliyopita baada ya Isha, mama mmoja wa Kioromo alisimama nje ya msikiti hapa Eastleigh. Kijana wake wa miaka 19 alikuwa amebebwa na makarao akitoka kazini, na kituoni mama aliambiwa arudi asubuhi na "kitu". Hakuja kuomba pesa. Alitaka tu mtu wa kwenda naye, maana Kiswahili chake kinaishia kwa bei ya nyanya.

Tulienda watatu. Hakuna wakili kati yetu. Tulisalimia, tukauliza kijana ameshikwa kwa kosa gani na kama ameandikwa kwenye OB, kisha tukakaa kwenye benchi. Saa sita kasoro wakamwachilia, bila maelezo, na hatukutoa hata shilingi. Sisemi huwa hivyo kila mara. Kuna usiku tumekaa mpaka alfajiri na bado mtu akapelekwa kortini. Lakini hata huyo alituona pale.

Ramadhani tunajitahidi, wallahi. Unga, sukari, tende, na picha nyingi (nyingi kupita kiasi, nikiulizwa mimi). Idi ikiisha tunapotea. Na shida ya mkimbizi hapa Eastlands, awe Msomali au Muoromo wa Eastleigh, au Mkongomani wa Kayole, si njaa peke yake. Nenda Shauri Moyo siku ya kazi uone foleni ya ofisi ya wakimbizi. Mtu anaamka kabla ya adhana ya alfajiri, halafu anarudi nyumbani na tarehe nyingine. Akienda peke yake mara nne, ya tano haendi tena. Na asiye na karatasi ndiye wa kwanza kubebwa msako ukija.

Wengi wenu mlikuwa watoto mwaka 2014. Julai 2013 Mahakama Kuu, katika kesi ya Kituo Cha Sheria, ilikuwa imefuta agizo la kuwahamisha wakimbizi wa mijini hadi kambini Dadaab na Kakuma. Hata mwaka haukuisha. Aprili 2014 msako wa Usalama Watch ukaingia Eastleigh, milango ikagongwa usiku, maelfu wakashikwa, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kupigwa msasa. Hata Wakenya wenye vitambulisho walibebwa. Mimi nilikuwa kidato cha tatu. Jirani yetu alimwachia mama ufunguo, akamwomba ampe paka wake maziwa. Aliporudi, cha kwanza alichouliza ni nani alienda kumtafuta. Hakuna aliyekuwa ameenda. Tulimlisha paka.

Waislamu wa kwanza waliokimbia Makka walikimbilia Habasha kwa Najashi, mfalme Mkristo. Maquraishi wakatuma watu na zawadi ili warudishiwe wakimbizi wao. Najashi akataka kuwasikia Waislamu wenyewe kwanza, Ja'far bin Abi Talib akasema kwa niaba yao, na zile zawadi zikarudishwa. Kwa hivyo ndugu anayeniuliza mbona tunamsindikiza mama wa Kayole anayeenda kanisani, namwomba aisome tena hiyo sira. Na kule Madina, Mtume (SAW) alimuunga Muhajir mmoja na Ansari mmoja. Mtu na mtu wake.

Kazi yenyewe si ngumu. Kifungu cha 49 cha Katiba kinamlinda kila mtu aliyeshikwa, hakisemi Mkenya: aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata kama saa hizo zimeishia wikendi. Uliza kwa adabu. Andika jina la afisa na saa uliyofika. Usipige kelele, usitoe hongo, na tafadhali usiposti sura ya mkimbizi, hata kama amekubali. Kule alikotoka kuna watu wanaomtafuta.

Jumatatu hii tunaenda Shauri Moyo na familia mbili, moja ina mtoto mchanga. Tunahitaji wanne wa kukaa foleni kwa zamu, na mmoja anayejua Kioromo. Tunatoka asubuhi na mapema, mara tu baada ya swala. Ukiweza, tutumie ujumbe kabla ya Jumapili jioni.