Ziwa Alice si safari ya wikendi moja

Jamani, hizi safari za kupanda milima zimetushika. Fungua grupu lolote la WhatsApp, Likoni hadi Kisauni, utakuta tangazo: Ijumaa usiku basi linatoka Mombasa, Jumamosi mchana mko Ziwa Alice, Mlima Kenya, mnavua samaki. Jumapili usiku mko nyumbani. Bei poa, na vijana wanachanga fasta.

Ratiba kama hiyo ikataeni.

Sisi tunalala usawa wa bahari. Hata Vuria kule Taita, mlima mrefu ulio karibu nasi, una mita 2,208. Ziwa Alice liko kama mita 3,500. Huko juu kila pumzi inakupa takriban thuluthi mbili tu ya oksijeni unayoipata ukiwa Shelly Beach. Mwili huzoea, lakini unataka siku, si masaa. Ukiukimbiza, kichwa kinagonga, unatapika, usingizi hauji. Ukizidi kulazimisha, mapafu yanaweza kujaa maji au ubongo kuvimba, na hapo cha kwanza ni kumshusha mtu. Panadol haimshushi. Na usiniambie wewe ni winga wa timu ya mtaa. Mazoezi hayakukingi na ugonjwa huu.

Sasa, kumshusha kupitia wapi? Kutoka Ziwa Rutundu (ndiko Prince William wa Uingereza alikomchumbia Kate mwaka 2010) kwenda Alice ni kijia tu, kinapanda wima na hakuna anayekifyeka. Ukungu ukitanda, humuoni aliye mbele yako. Mgonjwa hapo hubebwa na mabega ya wenzake.

Hamu ya samaki naielewa. Mtu wa Mtongwe aliyezoea changu na tafi atataka kumwona trauti, anayeishi kwenye maji baridi vile. Huyo naye ni mgeni. Walowezi walianza kumleta Kenya mwaka 1905 wapate mchezo wao wa kuvua.

Kwa hivyo kabla ya kutuma M-Pesa, muulize mwandalizi: usiku wa kwanza tunalala wapi? Jibu la maana ni Nanyuki au Timau, halafu Rutundu usiku wa pili, ndipo Alice. Nani anaijua njia? Mtu akiumwa, nani anashuka naye? Akijibu "tutaona hukohuko", kaa na hela zako.

Atakwambia wengine walikwenda hivyohivyo wakarudi wazima. Kweli, wapo. Ila yeye hatakubeba.

Najua siku mbili zaidi ni pesa, na bosi wa godauni Changamwe hakupi ruhusa kwa sababu ya ziwa. Basi jipangeni na likizo ya Krismasi. Pasaka ina siku nne, lakini mara nyingi huangukia masika, na kijia kile kikilowa hakipandiki kwa raba za Kongowea.