Kikokotoo changu kilimdanganya mama yangu

Wiki hii programa mwenzangu amenitumia programu mpya ya simu inayojigamba kwamba itakupa "gharama kamili" ya kufunga bodi za jipsamu nyumbani kwako kwa sekunde 30. Unaweka urefu wa chumba, upana, kimo, unabonyeza, basi. Akaniuliza naionaje. Nimeiona. Ni uongo, na naujua uongo huo kwa sababu miaka michache iliyopita niliuandika kwa mikono yangu hii hii, nikalipwa.

Haya, tuanze mwanzo.

Kwetu ni Kaikor, Turkana Kaskazini. Ukifika Lodwar usidhani umefika. Lodwar ina maduka, ina benki, ina hoteli za kulala. Kutoka hapo hadi Kaikor una kazi nyingine ya mchanga, mawe na malaga, na laga likishuka maji hakuna dereva wa kubishana nalo. Unakaa ukingoni, unasubiri.

Mwaka 2022 mama alikuwa na nyumba yake ya matofali na mabati, mita 8 kwa 4, chumba kimoja kisicho na dari. Wanaojua joto la Turkana watanielewa: saa nane mchana chini ya bati tupu hata paka anatoka nje. Mama alitaka mambo mawili. Dari, na ukuta mmoja wa kugawanya chumba ili wajukuu walale kwao. Mimi nikasema jipsamu. Mbona isiwe jipsamu? Nilikuwa nimeajiriwa Nairobi kuandika kikokotoo cha jipsamu! Nikaweka vipimo. Kikatoa jibu: shilingi 63,740.

Tazama hiyo 740 mwishoni. Nitairudia.

Mama aliniuliza kwenye simu, "Ni hiyo tu?" Nikamjibu, "Ni hiyo tu, mama." Akauza mbuzi 14, kilichobaki nikaongeza kwenye mshahara. Kumbukeni huo mwaka ulikuwaje. Mvua zilikuwa zimekataa msimu baada ya msimu tangu 2020, mbuzi wamekonda, na bei ya mbuzi aliyekonda mnaijua. Alikubali kuwauza kwa hasara kwa sababu mwanawe mwenye kompyuta alimpa tarakimu moja isiyoyumba.

Sasa niwe mkweli kuhusu hesabu yenyewe. Bodi ya kawaida ni mita 1.2 kwa 2.4, yaani mita za mraba 2.88. Dari ya mita 8 kwa 4 ni mita za mraba 32: bodi 12. Ukuta wa mita 4 wenye kimo cha mita 2.4, pande zote mbili, ukitoa mlango, ni kama mita za mraba 15 na nusu: bodi 6. Jumla 18. Nilizichora baadaye kwenye karatasi, kipande kwa kipande, na 18 ni sahihi kabisa. Kikokotoo kikaongeza asilimia 10 ya kuharibika, zikawa 20. Hapo ndipo watu wa programu tunapojipongeza na kwenda kunywa chai.

Bodi moja ya milimita 12 ina uzito wa kama kilo 25. Ishirini ni nusu tani. Na jipsamu si mbao. Ni jasi laini iliyobanwa katikati ya karatasi mbili; ukiilaza mahali pasipo sawa ikatikiswa siku nzima, inavunjika katikati kama chapati kavu. Zetu zilipanda lori juu ya magunia ya unga na chini ya abiria. Tuliposhusha Kaikor, 6 zilikuwa zimevunjika. Vipande vikubwa tulivitumia kwenye kingo, lakini bado tukapungukiwa na bodi 2. Mbili tu!

Nairobi ukipungukiwa na bodi 2 unamtuma kijana wa bodaboda, anarudi kabla chai haijapoa. Kaikor hakuna duka linalouza hata moja. Ilibidi bodi 2 ziagizwe Lodwar, zisubiri lori linalopanda, na dereva alidai karibu nauli ile ile ya zile 20, kwa sababu usumbufu wake ni ule ule. Zilichukua siku 6. Siku hizo zote fundi alikuwa kwetu, maana fundi wa jipsamu naye alitoka Lodwar. Anakula, analala, analipwa ujira wa kusubiri, na hiyo ni haki yake. Ongeza petroli ya jenereta ya kuendeshea drili. Ongeza mitungi ya maji ya kukorogea filla, katika mwaka ambao maji yenyewe yalikuwa yanatafutwa.

Nilipomwonyesha fundi hesabu yangu kwenye simu alicheka mpaka akakaa chini. "Bosi," akaniambia, "hiyo simu yako haijawahi kupanda lori."

Jumla ilifika 121,000 na ushee. Bodi zenyewe, pamoja na zile 2 za mwisho, hazikufika hata robo ya pesa hiyo. Mama akauza mbuzi 9 zaidi, kwa bei mbaya kuliko mara ya kwanza. Hakunilaumu, na ningependelea anilaumu.

Sasa nije kwenu wenzangu mnaoandika hizi programu.

Kosa letu la kwanza ni lile neno asilimia. Nani alisema kuharibika ni asilimia 10? Nami niliikuta mahali, nikainakili. Asilimia ina maana kwamba kila bodi inayovunjika inakugharimu bodi. Hiyo ni kweli kama duka liko mtaa wa pili. Duka likiwa safari ya siku nzima, bodi ya kwanza inayokosekana inakugharimu SAFARI, na ya pili, ya tatu na ya nne hazikugharimu chochote cha maana. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kompyuta anajua tofauti ya mstari ulionyooka na ngazi. Sisi tuliiona ngazi tukachora mstari, kwa sababu mstari ni rahisi kuandika.

Kosa la pili ni kuazima dunia ya mtu mwingine bila kusema. Bodi hii asili yake ni hataza ya Augustine Sackett, Marekani, 1894, na iliponea kasi wakati wa vita vya pili vya dunia, mafundi wa lipu walipoadimika na nyumba zikahitajika haraka. Ni dawa ya nchi yenye reli, maghala na mafundi wa gharama. Fomula zake zimebeba hali hiyo ndani yake: vifaa viko karibu, kazi ya mkono ni ghali. Kaikor ni kinyume chake, mikono iko tele na vifaa viko mbali, na sisi tulibadilisha dola kuwa shilingi tukasema tumeileta Kenya.

La tatu ni ile 740. Ukimwambia mtu "kati ya 65,000 na 130,000, inategemea lori", atajiuliza maswali. Atauliza nauli, atamtafuta mtu aliyewahi kusafirisha vioo, pengine ataacha kabisa. Ukimwambia 63,740, anauza mbuzi. Nilipendekeza kwa aliyeniajiri kwamba tuonyeshe kiwango cha chini na cha juu. Jibu lilikuwa kwamba wateja wataogopa. Lakini mteja anayeogopa kabla ya kulipa bado ana mbuzi wake!

Najua mtaniambia: programu ile ilikusudiwa watu wa mjini, wewe ndiye uliyeipeleka porini. Sawa. Basi iandikwe hivyo mlangoni. Iulize "duka liko wapi?" kabla ya kuuliza chumba kina ukubwa gani, na mtu akijibu Kaikor, au Kibish, au Lokitaung, ikatae kumpa jibu. Programu inayojua kukataa si aibu. Tunaandika programu zinazokataa nywila fupi, tunashindwaje kukataa swali tusilolijua?

Tena kuna swali lililo nyuma ya hilo, nalo linaniuma zaidi. Mama hakuwa anataka jipsamu. Alikuwa anataka baridi na faragha. Jipsamu ni mimi. Wanawake wa Kiturkana wamejenga vibanda vya fito na makuti ya mikoma tangu zamani, na hewa inapita humo bila jenereta. Si kwamba nawataka watu warudi kwenye vibanda, mama mwenyewe angenifukuza. Lakini kuna watu waliofikiri vizuri kuliko mimi. Mbunifu Francis Kéré alichora kampasi ya Startup Lions kando ya Ziwa Turkana, iliyokamilika 2021, ambako vijana husomea mambo haya haya ya kompyuta. Alitazama vichuguu vya mchwa vya huko, akainua minara inayotoa hewa ya moto juu na kuruhusu hewa baridi kuingia chini. Kompyuta za watu zinapoa kwa akili ya mchwa, nami naenda Kaikor na nusu tani ya jasi.

Dari ya mikeka ya mikoma ingefunga joto la bati kwa kiasi cha kuridhisha, matundu mawili chini ya paa yangetoa lililobaki, na ukuta wa kugawanya ungejengwa kwa matofali ya udongo na vijana wa pale pale, pesa ibaki Kaikor. Kikokotoo changu hakikuwa na kitufe cha jibu hilo. Kilijua kupima eneo la jipsamu, kwa hiyo kila shida ilikuwa eneo la jipsamu.

Dari ipo mpaka leo, tena nzuri, nyeupe. Jirani wanakuja kuitazama. Mmoja alimwuliza mama ilikuwa pesa ngapi, naye akamjibu kwa mbuzi: 23, na mshahara wa mtoto.

Nimeanza kuandika kingine, cha bure, jioni baada ya kazi. Hakina bei hata moja ndani yake, ila orodha ya nauli za lori kwa gunia na kwa kifaa kinachovunjika, kutoka Lodwar na Kakuma kwenda vituo vya ndani, pamoja na siku za kusubiri. Ninazo za Kaikor na Lokitaung tu, nazo nilizilipia mwenyewe. Kama umesafirisha bodi, vioo, sola au vigae kwenda Lokichoggio, Kibish au Todonyang, niandikie ulilipa kiasi gani na vingapi vilifika vizima.